Mtu Mmoja, Sanduku Moja

Jana nililala na hasira, na usiku nikaota nimo kwenye foleni, nimeshika kikapu cha ukindu ambacho sikumbuki nilikitoa wapi.

Foleni ilikuwa ndefu lakini haina fujo. Ilianzia getini kwa uwanja wa mpira, ikakata katikati ya soko la samaki, ikaingia ndani ya nyumba moja kwa mlango wa mbele na kutokea kwa mlango wa uani. Wenye nyumba walikuwa wanakula ugali wao na wala hawakushtuka. Kila aliyepanga foleni alikuwa na kikapu chake. Hakuna aliyeuliza tunasubiri nini, maana watu waliozoea foleni huwa hawaulizi.

"Kikapu chako kiko tupu," kikapu kikaniambia.

"Naona," nikakijibu.

"Ni wajibu wangu kukukumbusha."

"Umeshanikumbusha."

Kikasema tena kwamba kikapu changu kiko tupu. Hapo nikajua sina mtu wa kuzungumza naye.

Ngoja kwanza niseme hasira ilitoka wapi, kwa sababu ndoto haiji bure. Mimi naitwa Muhidini, nina duka la fotokopi hapa Tanga, na nina ugonjwa wa kukusanya masanduku ya santuri. Kuna kampuni moja ndogo ya nje, ya watu wachache waliopenda taarabu ya zamani mpaka wakapitiliza. Wanatafuta kanda za redio za miaka ile, wanazisafisha, wanazitia kwenye santuri, wanazipanga ndani ya sanduku zuri lenye picha na kijitabu, halafu wanatengeneza nakala chache tu. Kila sanduku lina namba yake. Yakitangazwa asubuhi, chai haijapoa, hakuna kitu. Wenyewe wanaliita toleo maalumu. Mke wangu analiita wazimu.

Masanduku matano ninayo. Yote ni nyimbo za Klabu ya Mkufu, kikundi cha taarabu kilichokuwa hapa hapa mjini, na mama yangu, Bi Zuwena, Mungu amrehemu, aliimba humo ujana wake wote. Aliimba nyuma, upande wa waitikiaji. Ukitazama picha za klabu, yeye ndiye yule ambaye uso wake umekatwa nusu na mkono wa mpiga fidla. Mara moja tu alisimama mbele, siku mwimbaji mwenyewe alipoamka hana sauti, na siku hiyo watu wa redio walikuwepo na mitambo yao. Alitusimulia habari hiyo mpaka tukaichoka. Lakini wimbo wenyewe hatukuwahi kuusikia. Kila tulipomwomba atuimbie alisema wimbo ule una kiitikio, hauimbwi na mtu mmoja jikoni.

Wimbo huo umo ndani ya sanduku la sita. Haumo mahali pengine popote duniani, nimetafuta.

Jana asubuhi nilikuwa dukani mbele ya kompyuta kabla hawajafungua mauzo. Nikalipata. Lilikuwa ndani ya kikapu changu cha kwenye tovuti, naliona kwa macho yangu mawili. Kikabaki kitu kimoja tu, anwani. Tovuti ilitaka namba ya nyumba, jina la barabara na namba ya eneo. Mimi nikaandika kama ninavyomwelekeza binadamu yeyote: nyuma ya msikiti mdogo, mlango wa bluu, ukipotea uliza kwa Baba Rukia, ndiye mimi. Tovuti ikakataa. Nikaongeza kwamba mbele kuna mashine ya kusaga. Ikakataa. Nikatoka mbio mpaka nyumbani kutazama kama nyumba yangu ina namba. Niliporudi, palipokuwa na sanduku la sita palikuwa na neno moja, Imekwisha. Wala sikula mchana.

Sasa nirudi kwenye foleni.

Mzee mmoja mwembamba, suti ya kahawia, anatembea kutoka mbele kuja nyuma. Kila anayempita anamgusa bega, na aliyeguswa anakunja kikapu chake na kuondoka bila neno. Anakuja pole pole. Ananifikia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mimi ndiye Imekwisha."

"Nakujua. Jana ulikuja kwangu."

"Nakwenda kwa wengi, kijana wangu. Usinichukie. Kazi yangu ni kufika kabla yako kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kiasi cha kukuuma."

Alisema bila ubaya, kama mtu anayekutajia bei ya nyanya. Nilipomtazama vizuri nikaona amechoka. Akaniambia hajawahi kumkuta mtu akafurahi kumwona. Hata kwenye harusi yake mwenyewe, alipoingia tu, pilau ikakatika, na bibi harusi akamkuta ameshaolewa.

"Na nani?"

"Sijui. Nilipofika kuuliza, sherehe ilikuwa imekwisha."

Nikampa pole. Akaipokea. Kisha akainua mkono ili aniguse bega, akasita, akameza mate.

"Limebaki sanduku moja," akasema. "Nikikugusa, basi, na kazi ya leo nimeimaliza. Lakini tangu alfajiri sijatia chai mdomoni. Nipe ruhusa nivuke barabara mara moja."

Nikamwambia karibu, tena achukue na mkate. Akavuka, akaingia mgahawani, na kwa kuwa yeye hayupo, hakuna kilichoweza kwisha. Nilimwona muuza maji anamimina ndoo na ndoo haipungui. Nilimwona mama mmoja anamalizia sentensi na sentensi inaendelea. Wote walifanya subira. Sheria ni sheria.

Nikasogea mbele mpaka dirishani. Ndani ya dirisha hapakuwa na karani. Dirisha lenyewe ndilo lililouliza.

"Anwani?"

"Nyuma ya msikiti mdogo, mlango wa bluu."

"Una shahidi?"

Kabla sijajibu nikasikia bawaba zinalia nyuma yangu. Mlango wangu wa bluu unakuja barabarani, unatembea kwa pembe zake mbili za chini, kulia, kushoto, kama mtu mnene anayepanda ngazi. Ukanipita, ukasimama mbele ya dirisha, ukatoa salamu.

"Unamfahamu huyu?" dirisha likauliza.

"Namfahamu. Kila usiku ananifunga kwa kunibamiza."

"Anakaa wapi?"

"Nyuma yangu."

"Na wewe unakaa wapi?"

"Mbele yake."

Dirisha likaridhika kabisa. "Hiyo ndiyo anwani," likasema. "Mbona jana hakusema hivyo?"

Nilitaka kujibu, nikaona nitachelewa. Mlango nao ulikuwa na haraka zake. Ukanikumbusha kuwa mke wangu yuko Muheza kwa dada yake aliyejifungua, nyumba haina mtu, na yeye mlango yuko huku, kwa hiyo nyumba iko wazi, na paka wa mtaa ule tabia zao anazijua. Nikaona ni maneno ya haki. Nikaufungua, nikapita, maana ndiyo iliyokuwa njia ya karibu, nikajikuta sebuleni kwangu.

Masanduku matano yapo juu ya kabati, yamepangwa kwa namba, kila moja ndani ya nailoni yake ya kiwandani. Sijawahi kuichana hata moja. Wakusanyaji wote wanakubaliana katika hili, kwamba ukifungua, thamani inashuka. Lakini katika ndoto nailoni zote zimefanya ukungu kwa ndani, kama kioo cha hoteli siku ya mvua.

"Fungua," likasema sanduku la kwanza. "Tunasikia joto."

"Mpiga udi amevua kofia," likasema la pili. "Na unajua alivyo, huyo hata msalani haivui."

"Siwezi," nikawaambia. "Nikifungua, thamani inashuka."

"Nitashuka kweli," ikasema sauti kutoka juu.

Nikainua macho. Juu ya kabati, kichwa kinakaribia kugusa dari, amekaa mwanamke mnene mwenye hina mpaka kwenye viwiko, ananing'iniza miguu, anakula korosho. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Ndiye Thamani, na alikuwa amekaa nyumbani kwangu miaka yote hiyo bila mimi kumpa hata maji.

"Ukichana nailoni moja tu, nashuka na kuondoka."

"Utakwenda wapi?"

"Kwa mwingine ambaye hajachana."

"Na huko utafanya nini?"

"Nitakaa juu."

Nikafikiri kidogo. "Bibi, tangu umekaa hapo, katika nyimbo hizi ni upi unaoupenda?"

"Nyimbo zipi?" akauliza, akatafuna.

Nikawaambia waliomo ndani ya masanduku wavumilie kidogo, la sita likifika nitalifikiria jambo lao. Nikamsikia mtu ndani ya sanduku la tatu anamwambia mwenzake, "Ndivyo alivyosema lilipokuja la nne." Sikupenda ile sauti, kwa sababu ilikuwa inasema kweli.

Nikageuka kuufuata mlango. Mahali pa mlango pamesimama mizani, ile ya kupimia watu stendi, yenye uso mkubwa wa duara na mshale mmoja.

"Panda," ikaniambia.

"Nipimwe kwa nini? Nanunua santuri."

"Mtu mmoja, sanduku moja. Lazima nijue kama wewe ni mmoja."

Nikavua ndala, nikapanda. Mshale ukatikisika, ukatulia kwenye mbili. Si kilo mbili. Mbili tu.

"Nyinyi ni wawili," ikasema mizani.

"Niko peke yangu. Mke wangu yuko Muheza, hata mlango unajua."

"Na huyo anayekohoa?"

Ni kweli mtu alikuwa amekohoa. Kikohozi kilitoka kifuani kwangu lakini hakikuwa changu. Nilikitambua hapo hapo. Ni kikohozi cha mtu anayesafisha koo kabla ya zamu yake ya kuitikia.

Mama akatoka. Sikuona ametokea upande gani. Alikuwa anajifunga kanga yake vizuri na kujipangusa shingo, kama aliyetoka kwenye chumba cha watu wengi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekonda."

"Nimenenepa, mama."

"Basi humo ndani ni padogo tu." Akatazama foleni, mizani na kikapu. "Unanunua nini?"

"Nakununua wewe," nikasema, na nilipojisikia nikaona haya. "Nanunua ule wimbo ulioimba mbele. Umo ndani ya sanduku."

"Na mimi niko hapa."

"Uko hapa lakini huimbi, mama."

Mizani ndiyo iliyojibu. Ikasema sheria haina wajomba, wawili hawachukui sanduku la mmoja, basi mmoja abaki na mmoja atoke nje, tena tuamue upesi, kwa sababu Imekwisha yuko kwenye kikombe cha pili.

Nikamtazama mama. Miaka yote nilikuwa nautafuta wimbo ule, na sasa ulikuwa mbali nami kwa urefu wa mkono.

"Mama, nisubiri hapo nje kidogo. Nalichukua tu, nakuja."

"Sawa, baba."

Hakununa. Mtu aliyeambiwa maisha yake yote asogee kidogo ili wa mbele waonekane, kusogea amekuzoea. Akatoka, akakaa kwenye kizingiti, na mshale ukarudi kwenye moja.

Nikapewa sanduku la sita. Lilikuwa zito, jekundu, jina la klabu limeandikwa kwa rangi ya dhahabu. Nasema kweli, nilifurahi. Nilifurahi sana, kwa muda wa kumeza mate.

Kisha nikataka kukumbuka mama alivyokuwa akiniita nikaoge, jioni, nikiwa bado nacheza mpira na wenzangu. Nikauona mkono wake, nikauona mdomo wake unafunguka. Sauti haikutoka. Nikajaribu alivyokuwa akinitukana nikimwaga chumvi. Hakuna. Nikajaribu jina langu, Muhidini, alivyokuwa akilivuta pale mwisho. Midomo inacheza tu, kama televisheni iliyozimwa sauti. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku tuliyomzika, maana siku ile sauti yake nilibaki nayo.

Nikaichana nailoni kwa meno.

Thamani akashuka. Alishuka kwa heshima zake, akakung'uta maganda ya korosho kwenye gauni, akasema kwaheri, akatoka dirishani. Nilidhani nitaumia. Nilichosikia ni kabati linapumua.

Nikainua kifuniko. Ndani hamkuwa na santuri. Palikuwa na ngazi, na chini ya ngazi ukumbi wa Klabu ya Mkufu wenyewe, feni zinazunguka, viti vimepangwa, wanamuziki wote wamekaa na ala zao mapajani, jasho linawatiririka. Kiongozi wao, mpiga fidla, yule mwenye mkono uliomkata mama uso kwenye picha, akaniona.

"Karibu," akasema. "Ila leo hakuna kitu. Ala ziko tayari, tumeanza na kurudi, tumeanza na kurudi. Mwimbaji hayupo."

"Yuko wapi?"

"Tunasikia kuna mtu amemwambia asubiri nje."

Ukumbi wote ukanigeukia. Kodiani ikashusha pumzi yenyewe bila kuguswa. Nikapanda ngazi mbio.

Mama yuko kizingitini, anazungumza na mlango wa bluu habari za bawaba. Anauambia mafuta ya taa ni bora kuliko mafuta ya nazi. Nikachuchumaa mbele yake.

"Mama, nimekosa. Ingia."

"Si wanasema mmoja tu?"

"Nailoni nimeshaichana. Sheria yao ilikuwa imeandikwa juu ya nailoni."

Akafikiri. "Na nani atakayeitikia? Wenzangu wote wameshatangulia. Nimewahesabu huko, nimewaona. Wimbo ule hauna kichwa bila kiitikio."

"Nitaitikia mimi."

Akanitazama. Ni ule mtazamo wa mama anayetaka kusema uongo mzuri na hauoni ulipo.

"Sauti yako naijua, baba."

"Najua."

"Ulipokuwa mdogo ukianza kuimba, kuku walihama uani."

"Najua, mama."

"Haya, nipe mkono. Kiti cha waitikiaji hakina makuu."

Tukashuka pamoja. Mimi nikaenda nyuma, upande wa kushoto, nikakaa kwenye kiti kilichokuwa chake. Kutoka pale unaona migongo tu na mkono wa mpiga fidla. Sikuwahi kujua kwamba ujana wake wote aliutazama ukumbi kutoka pale.

Yeye akaenda mbele, na alipofika alisimama kidogo upande, kwa mazoea, mpaka kiongozi alipomwonyesha kwa upinde asogee katikati.

Hapo ndipo Imekwisha alipoingia, anajipangusa mdomo kwa leso.

"Nimerudi," akasema. "Poleni sana." Akainua mkono, akaupeleka kwenye bega la mpiga ngoma.

"Wewe nani?" mama akamwuliza kutoka jukwaani.

"Mimi Imekwisha, mama."

"Umewahi kufika mahali ukakuta kitu ndiyo kwanza kinaanza?"

Mzee akasimama, mkono ungali hewani. Niliona analipitisha swali hilo katika miaka yake yote, harusi, pilau na foleni.

"Sijawahi," akasema.

"Basi kaa hapo mbele. Vua viatu, upo kwa watu."

Akavua viatu. Akakaa kiti cha mstari wa mbele. Mikono hakujua aiweke wapi, mwishowe akaikalia, isije ikamgusa mtu kwa bahati mbaya.

Fidla zikaingia, udi ukafuata, na mama akaimba:

Niliyekaa upande, leo nipisheni njia,
Si kwamba nataka pande, ni zamu imefikia.

Sauti yake haikuwa ile niliyojijengea. Mimi nilikuwa nimemtengenezea sauti ya asali. Hii ilikuwa na ukavu kidogo, sauti ya mtu aliyepuliza moto mwingi wa kuni, na ilipopanda haikupanda kwa mbwembwe, ilipanda kama mtu anayekwenda kuchukua kitu chake. Nikasahau kabisa kazi yangu. Kiongozi akanigonga goti kwa upinde. Nikaitikia:

Zamu haiuzwi kamwe, mwenye zamu aingia.

Niliimba vibaya. Hata katika ndoto, mahali ambapo milango hutembea, sauti yangu ilibaki ile ile. Lakini mama alipoisikia aligeuka nusu, akacheka huku anaimba, na ubeti wa pili akauanza juu zaidi. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata kwa kununua kitu.

Watu wa foleni wanaingia mmoja mmoja. Wanakuja mbele kutunza, taratibu, kwa madaha, kama inavyotakiwa kwenye taarabu. Huyu anaweka ua, huyu anavua pete, mmoja anaweka sanduku lake ambalo hajalifungua na analiacha pale. Kikapu changu kinanitoka mkononi, kinakwenda na chenyewe, kinajiweka miguuni kwa mama, na kwa mara ya kwanza hakisemi kitu. Imekwisha analia wazi wazi, mikono ameikalia, hawezi kujipangusa. Anamwuliza aliye karibu naye, "Hivi ndivyo vitu vinavyoanza?"

Beti zilikuwa tano. Nilijua ni tano kwa namna mtu anavyojua mambo ndotoni. Mama alipomaliza wa tano, wanamuziki wakapunguza, na Imekwisha akanitazama mimi, si yeye. Macho yake yalikuwa yananiomba radhi. Mkono wake mmoja ulikuwa unajitoa wenyewe chini ya paja.

Nikaitikia tena. Zamu haiuzwi kamwe. Mkono ukarudi. Nikaitikia tena, na tena, koo linauma, kiongozi anacheka, na mama yuko katikati ya ukumbi, kila nikiitikia anaingia na ubeti mwingine ambao haukuwemo. Sikuwa na nia ya kuacha. Wangeniacha, mpaka sasa ningekuwa huko.

Nikaamka kwa hodi.

Kumekucha. Jua limeingia sebuleni, maana nilikuwa nimelala kwenye kochi. Masanduku matano yako juu ya kabati, nailoni zao safi, hazina ukungu, na juu yake hakuna mtu. Nilikaa nikiyatazama. Nilikuwa na uchungu, si uchungu wa jana wa kukosa, ila wa mtu aliyetolewa mahali. Hodi ikaendelea.

Ni Bi Tatu, jirani wa upande wa nyuma. Amehamia mwezi huu kutoka Korogwe, na kila alfajiri anachoma vitumbua vya kuuza chini ya dirisha langu. Bado hatujazoeana, salamu tu na habari za maji. Alikuwa ameshika sahani iliyofunikwa kawa.

"Baba Rukia, umeamkaje? Nimekuletea vitumbua. Usinishukuru, vimeungua."

"Ahsante, Bi Tatu. Vimeunguaje?" nikauliza, na sauti ikanitoka nusu. Koo lilikuwa limekauka.

"Nyinyi si ndio mlioniunguzia, na nyimbo zenu." Akachungulia ndani juu ya bega langu, hakuficha. "Wewe nilikutambua, utanisamehe baba, kwa ubovu wa sauti. Sasa yule mwanamke aliyekuwa anaimba mbele ni nani? Mkeo si yuko Muheza?"

Nilishika mlango. Niliona nisipojibu sasa hivi, mtaa utajibu.

"Ni mama yangu," nikasema.

Uso wake ukalainika. "Ah. Mbona hukusema umepata mgeni? Mpe na yeye basi, uniombee radhi kwa kumletea vya namna hii. Mwambie nilikaa nikamsikiliza mpaka nikasahau kugeuza."

Akanipa sahani, akaenda zake kwenye jiko lake. Nikafunua kawa pale pale mlangoni. Vilikuwa vimeungua upande mmoja tu.